Wakwe Wameketi Getini

Alhamisi, 4 Julai

Nimemenya ndizi beseni zima. Vidole vimenata utomvu na kalamu inanishinda. Ukungu haujainuka tangu asubuhi.

Jioni Baba alirudi kutoka shamba la chai akiimba besi yake ya kanisani, kama kila siku, kuanzia kwenye kona ya mparachichi. Wifi Tumpe, mke wa kaka yangu Gwakisa, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akapita nyuma ya zizi kwenda kwake. Mimi nikaendelea kukoroga pale alipoishia. Ndivyo tunavyoishi. Mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Kwetu tunaita kutila. Nimekulia ndani ya desturi hiyo mpaka siioni tena, kama nisivyoiona pua yangu.

Nimezunguka vitongoji viwili na kipaza sauti. Koo limechubuka. Jumatatu inaingia kijijini timu ya uchunguzi wa magonjwa ya zinaa, siku nne, uwanja wa ofisi ya kijiji. Kaswende. Kisonono. Trikomona. Maradhi yasiyo na bango barabarani. Ukimwi una nyimbo zake, malaria ina vyandarua vyake. Haya mengine yana nini? Yana kimya, na kimya kinayanenepesha. Nani aliamua kwamba damu ya mkulima wa huku milimani, juu ya Ikuti, haina haja ya kuchunguzwa? Nani alipiga kura hiyo?

Sababu yangu halisi naiandika hapa, ambako hakuna wa kumhutubia. Tumpe amepoteza mimba mbili. Ya pili ilifika karibu na siku zake. Mtoto akazaliwa hana uhai. Watu walitafuta mchawi. Sasa ana mimba ya miezi sita. Alikwenda kliniki mapema, akaambiwa vipimo vya damu vimekwisha, arudi siku nyingine. Hakurudi. Nilipomuuliza alisema mlima ule aliupanda kwa moyo wote, na moyo wenyewe alikuwa nao mmoja tu. Miaka miwili ya mihadhara ya soshiolojia chuoni haijawahi kunipa sentensi kama ile.

Kijiji kizima nakipenda. Lakini nataka Tumpe apimwe.

Sista Rehema, muuguzi anayeongoza timu, ni mtu wa Singida, mpole. Alipendekeza kwa simu tuwatengee wanawake mlango wao. Nikakataa. Nikamwambia mlango wa pembeni ni mlango wa aibu. Geti moja, foleni moja, mchana kweupe, wanaume kwa wanawake. Njia ya nyuma ya uwanja, ile inayotokea migombani, nimeifunga kwa mikono yangu: miti mitatu na kamba ya katani. Nimejisikia kama mtu anayebomoa ukuta. Kumbe nilikuwa najenga, angesema mpinzani wangu. Ila leo sina mpinzani.

Jumapili, 7 Julai

Mchungaji alinipa nafasi ya matangazo. Niliitumia yote na nusu ya mahubiri yake.

Nilisema: Aibu ni mkoloni wa mwisho, na makao yake makuu ni miili yetu! Kwaya ikacheka. Mtu mmoja akaitikia amina. Nilihisi nimesimama juu ya meza ya bwalo la chuo.

Kisha Baba akasimama. Baba yangu, ambaye hata neno kiuno hulitamka kwa kunong'ona! Akasema kwamba binti yake ameleta jambo la heri, na kwa hiyo yeye atakuwa wa kwanza kuchomwa sindano, na akishachomwa atachukua kiti akae pale getini kutwa nzima, ili mtu yeyote asione haya kuingia. Wazee wenzake wakainuka mmoja mmoja, nao watakaa. Benchi zima la mbele. Machozi yalinitoka. Nimeandika bila kona: machozi yalinitoka.

Jioni alikuja Mzee Shabani, fundi cherehani, rafiki wa Baba tangu ujana. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa, familia ikabaki. Ametushonea mapazia ya mahema, bure, ya kitambaa kizito cha bluu.

"Binti, hili pazia," akasema, "halipitishi hata jicho la mama mkwe."

Tulicheka sana. Ningesikiliza badala ya kucheka, ningejiokoa siku mbili. Lakini hayo nayaongezea pembeni leo Jumatano.

Jumatatu, 8 Julai

Siku ya kwanza. Mahema mawili, mapazia ya bluu, jua limetoka kutuunga mkono. Baba wa kwanza kupimwa, kama alivyoahidi. Alitoka akiwa amekunja shati hadi begani, akionyesha pamba kama nishani. Wazee wakaketi getini kwa safu, makoti ya Jumapili, fimbo katikati ya magoti. Safu tukufu.

Wanaume walikuja kwa wingi. Vijana walikuja. Bibi vikongwe walikuja. Mzee mmoja asiye na meno alipotangaziwa kuwa yuko salama alizunguka uwanja mzima akisema, "Safi! Safi kama maziwa ya leo!" Mkewe akamwambia aketi, maziwa ya umri ule huitwa mtindi.

Wake hawakuja. Hata mmoja. Wanawake wenye waume, wenye mimba, wenye watoto mgongoni, hao hasa tuliowafuata. Sista Rehema aliangalia njia mchana kutwa bila kunilaumu. Upole wake uliniudhi.

Tumpe alikuwa ameoga na kuvaa kitenge kipya tangu asubuhi. Jioni nilimkuta anacho bado, anapepeta maharage. Akainamisha kichwa.

Jumanne, 9 Julai

Nina hasira. Naandika nikiwa na hasira na sitafuta.

Alfajiri nilizunguka tena na kipaza sauti. Nikasema mwanamke anayejificha anajifunga mwenyewe. Nikawaomba wazee waongezeke, ili mfano uwe mkubwa zaidi. Wakaongezeka. Safu ikavuka geti pande zote mbili. Baba alileta hata viti vya jikoni.

Wake: sifuri.

Mchana niliona jambo. Kule nyuma, ng'ambo ya kamba yangu, kati ya migomba, kulikuwa na vitenge. Vitenge vingi, visafi, vya kutokea. Vimesimama. Vikanitazama. Nikakimbia kuwaita wapitie mbele, karibuni, jamani, getini kuna wazee wenu wanawapokea! Wakayeyuka. Nilibaki nimeshika jani la mgomba kama mjinga.

Niliwaza maneno mabaya. Niliwaza: nafsi za kitumwa. Nililiwaza hilo juu ya wanawake walionibeba.

Kabla jua halijazama nilikwenda kwa Tumpe, nikamhutubia jikoni kwake. Haki ya mwili. Uhai wa mtoto. Ukombozi. Alinisikiliza mpaka moshi ulipoanza kumtoa machozi, au mimi ndiye niliyemtoa. Kisha akaweka ungo chini.

"Wifi, umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Baba ameketi getini. Nipite wapi?"

Sikuelewa. Naapa sikuelewa mara moja.

"Mmewapanga wakwe zetu wote kama nguzo za umeme, huku na huku. Njia ya migombani umeifunga kamba. Tuingie kwa kuruka, kama kunguru?"

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Hapo akaanza kucheka, mkono tumboni, akacheka hadi akashika ukuta. "Tulidhani unajua! Wewe si mtoto wa humu? Tukasema pengine ndiyo elimu, anataka kutukomesha."

Aibu imenichoma kutoka unyayoni hadi masikioni. Wale wanawake hawakuwaogopa wadudu, hawakuiogopa sindano, hawakuwa na haya ya maradhi. Walioga, wakavaa, wakatembea milima, siku mbili mfululizo. Aliyewafungia ni mimi. Mimi na kamba ya katani.

Jumatano, 10 Julai

Siku kuu! Sina neno lingine.

Kulipokucha nilimwendea Baba zizini. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Aliukata katikati.

"Ulifunga njia ya nyuma?" akauliza. "Kila penye shughuli pana njia ya nyuma, mwanangu. Msibani ipo. Kanisani ipo. Mimi nilikaa pale nikijua wake za wana wetu wanapita nyuma."

Nikasema nitaifungua sasa hivi, ila wazee wahame, waende mbali. Hapo akanuna. Kiti kile kimempa heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa chai wala kwa ng'ombe. Nikamweleza kwamba wake hawatajua wazee wako wapi. Mtu anaweza kusimama kunyoosha miguu, akazunguka hema, akakutana na mkwe wake uso kwa uso, na kazi yote ikaharibika.

Baba akaendelea kukamua. Kisha akasema bila kunitazama: "Kwani jioni nikiimba, huwa naiimbia migomba?"

Nilishika nguzo ya zizi. Miaka yote nilidhani Baba ni mtu wa kupenda nyimbo. Kuanzia kwenye kona ya mparachichi, kila jioni: Nakuja, mwanangu, ondoka kwa amani. Nilisikia besi. Tumpe alisikia ujumbe.

Basi ikawa hivi. Nilikata kamba kwa panga. Wazee wakabaki getini na heshima yao, sharti moja: waimbe bila kukoma. Besi ikisikika mbele, njia ya nyuma ni salama. Nilizunguka vitongoji na tangazo jipya, fupi kuliko yote niliyowahi kutoa: Wakwe wako mbele wanaimba. Njia ya migombani iko wazi.

Na wake wakaja. Wakaja wakicheka, wakisukumana, wengine wakivuta wenzao kwa mkono. Foleni ikaingia hadi ndani kabisa ya migomba. Pale mbele wazee walimaliza nyimbo zote za kitabu wakarudia za Krismasi, Julai! Mzee Shabani, ambaye nyimbo hizo si zake, alifunga cherehani akaleta dufu la watoto wa madrasa, akawashikia mapigo. Mzee mwenye maziwa ya leo alipobanwa na haja ndogo, alikwenda chooni akiimba peke yake, akakaa humo akiimba, akarudi akiimba. Huku nyuma wake walifuatilia sauti ile kwa vidole, ilikokwenda na ilikorudi, wakishikilia mbavu. Mama mmoja alilia kwa kicheko akasema mkwe wake huyo anaimba vizuri zaidi akiwa chooni. Sista Rehema ilibidi aketi.

Nilitoka chuoni nikiwa na nadharia kwamba desturi ni minyororo. Labda mingine ni hivyo. Leo nimeona desturi ikifanya kazi ya kengele, na wanawake themanini wasiotaka kukombolewa na mtu wakijipitisha wenyewe. Themanini nimekisia. Sikuhesabu. Nilikuwa nacheza.

Tumpe aliingia hemani mchana. Akatoka polepole.

Jioni aliniita jikoni kwake. Kaswende. Alilitamka kwa sauti ya kawaida, kama anataja jina la mgeni. Sista amemwambia inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, na kwamba ndiyo pengine iliyowachukua wale wawili. Siyo mchawi. Amechomwa sindano ya kwanza hapohapo. Zimebaki mbili, moja kila wiki. Aliuliza swali moja tu: huyu ataishi? Sista akajibu kwamba dawa imewahi, na inavuka mpaka kwa mtoto. Ila mume naye lazima apimwe na atibiwe, la sivyo itamrudia.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Gwakisa bado hajaambiwa. Furaha yangu imesimama kwa mguu mmoja.

Alhamisi, 11 Julai

Tumpe alimwambia asubuhi. Nilisikia kutoka uani kwetu. Gwakisa hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, "Kwa hiyo ni mimi?" Tumpe akamwambia hakuna anayejua ni nani, Sista amesema hema si mahakama. Gwakisa akawasha pikipiki akaondoka. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda, anabeba abiria Tukuyu hadi Kawetele kwenye tope la masika huku akiimba. Leo aliondoka kimya.

Nilipiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Nikatukana simu.

Uwanjani wazee walikuwa wamepoteza sauti. Besi imekuwa mkwaruzo, lakini haikukatika. Wake waliendelea kuingia. Mimi nilikuwa natazama barabara. Saa nane. Saa tisa. Sista Rehema alianza kufunga masanduku, kwa upole ule wake, na safari hii niliona kwamba anafunga polepole makusudi. Nilimpenda ghafla.

Nilimchukia kaka yangu. Naandika ilivyokuwa. Nilisimama pale nikiwa na hotuba kamili kichwani, yenye sehemu tatu, ya kumbomoa.

Kisha pikipiki, Gwakisa anaisukuma, injini imezimwa. Magoti yake yana udongo mwekundu. Niliufahamu udongo ule. Alikuwa migombani kwetu, pale tulipomlaza mtoto wa pili. Kutwa nzima alikuwa nyuma ya nyumba yetu, nami nadhani yuko Kawetele.

Alisimama mbele ya geti. Wazee wakamtazama. Nikaona anataka kugeuka. Na Baba, Baba asiyejua lolote, akainua fimbo na sauti iliyobaki:

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Mnaona? Amekuja kama baba yake! Mpisheni!"

Wazee wakampisha kwa kibwagizo. Nani angegeuka tena? Alipita katikati yao uso umeinama, akitabasamu kidogo bila kutaka, na kwenye pazia la bluu akanikuta. Hotuba yangu yote, sehemu zake tatu, ikayeyuka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Tutachomwa wote. Ila mwambie Sista mimi sindano naiogopa."

Hakutania. Anaiogopa kweli. Mwanamume anayepita miteremko ya huku usiku bila taa aliiona sindano akateleza kutoka kwenye benchi kama gunia. Alipozinduka Tumpe alikuwa amemshika kichwa. Majibu yake ni yaleyale ya mkewe. Akachomwa makalioni.

Alirudi nyumbani akiendesha pikipiki wima, hajakalia kiti. Wazee wakashangaa. Mbona kijana anaendesha amesimama?

"Barabara mbovu," akasema Mzee Shabani, akakunja mapazia yake.

Alhamisi, 25 Julai

Sindano ya tatu leo, wote wawili, zahanati. Timu iliwaachia dozi. Nilikwenda nao tayari kwa vita endapo tungeambiwa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Vita vyangu nikarudi navyo nyumbani, tukapika mbalaga ya ndizi.

Gwakisa safari hii alizimia baada ya sindano, si kabla. Tumpe anasema hayo ni maendeleo.

Nimeandikia halmashauri barua kuhusu vipimo vinavyokwisha. Kurasa nne. Nimezipunguza zikawa moja. Nimeomba vipimo viwepo kila siku ya kliniki, na kila penye huduma pawe na njia ya nyuma. Afisa aliyeipokea ni mzee wa huku. Alipofika kwenye sentensi hiyo alinitazama juu ya miwani, akacheka, akagonga muhuri.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua za kwanza. Wiki chache zijazo narudi chuoni.

Tumpe alijifungua Jumatano. Msichana. Alilia kabla hajaguswa. Wamempima, wamemchunguza kila mahali, hana kitu.

Gwakisa amemwita Sekela, maana yake furahi.

Kazi yangu sasa ni ya kubeba. Mama yuko ndani, babu yuko uani, desturi iko katikati. Mimi namchukua mtoto mlangoni, nampeleka, namrudisha. Baba humshika kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Huniuliza, "Nkamwana amelalaje?" Nami naingia ndani kumuuliza mkwe wake amelalaje. Tumpe hunijibu mimi, kwa sauti inayofika uani vizuri kabisa. Sijamtangazia yeyote ukombozi tangu asubuhi.

Jioni hii Tumpe alikuwa amekaa uani, mtoto kifuani, mvua imepumzika. Nilikuwa namenya ndizi. Nikasikiliza kona ya mparachichi. Kimya. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba Baba atatokea bila taarifa.

Halafu nikaisikia besi yake. Chini sana, karibu na pumzi tu. Tumpe aliisikia kabla yangu, alikuwa ameshainuka.

Baba ameimba taratibu. Mtoto amelala.